Hatua Kumi za Mgambo

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Lindi mjini alimwita fundi amkandikie ukuta wa jiko la uani. Fundi alimwaga udongo mwekundu kando ya uzio wetu, akaumiminia maji ndoo baada ya ndoo, kisha akaanza kuukanyaga kwa miguu. Mimi nilikuwa nimekaa kibarazani nachambua mchicha. Harufu ile ya udongo uliolowa iliponifikia, mikono yangu ikaacha kazi, nikajikuta nahesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, mpaka saba. Mwanangu akaniuliza nahesabu nini. Nikamwambia nahesabu mafungu ya mchicha, na huo ulikuwa uongo mtupu. Nilikuwa nahesabu maji ya kunawa mate ya mbwa. Maji hayo niliyanawa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi, kijijini Kilangala, na aliyenimiminia alikuwa Tatu, mtoto wa shangazi yangu.

Habari hii sijamsimulia mtu, kwa sababu mbaya wake ni mimi. Lakini mtu akishafika umri wangu anachoka kubeba vitu peke yake, kwa hiyo kaeni vizuri, na msinikatize.

Baba alikuwa na shamba bondeni, la mahindi na mihogo, na adui yake mkubwa hapa duniani alikuwa nyani. Aliwasema nyani kama mtu anavyomsema mkwe aliyemkosea harusini. Mwaka huo mvua za kwanza zilipoanza, alirudi kutoka safari ya Pande na boksi la sabuni limefungwa nyuma ya pikipiki, na ndani ya boksi mlikuwa na mbwa mdogo wa rangi ya kahawia, tumbo kubwa, masikio yamelala. Baba akampa jina palepale: Mgambo. Siku ya pili mgambo halisi wa kijiji alikuwa akipita na baiskeli wakati namwita mbwa. Alisimama akaitika, na ilibidi Baba ampe mihogo ya kumtuliza.

Mama hakufurahi hata kidogo. Alizaliwa na kukulia mjini, katika nyumba ambayo mbwa alijulikana kwa kufukuzwa tu. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Nyumba hii inaswaliwa, baba Somoe," alisema. Somoe ndiye mimi. "Huyo atalala bandani kwenye kuni. Na yeyote atakayeguswa na pua yake, maji saba, ya kwanza ya udongo. Sitaki kusikia visingizio."

Tulifundishwa chuoni, yaani pale tuliposomea Kurani, kwamba mbwa mkavu akikugusa nawe ukiwa mkavu hakuna neno. Shida ni unyevu: mate, pua, manyoya yenye umande. Hapo lazima unawe mara saba, na mara moja katika hizo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Sasa nionyesheni nyinyi mtoto wa mbwa mwenye pua kavu.

Jioni ile Baba aliniita. Kwa kawaida hakuwa mtu wa kuita watoto. Nyumbani alikuwa mkimya, akila, akiswali, akilala.

"Mbwa wa shamba asiyekuja akiitwa ni hasara," aliniambia. "Atawafuata nyani mpaka msituni, na huko wakimgeukia watamrarua. Huyu mfundishe wewe. Likizo ya mwezi wa nne, mahindi yakikomaa, nitahamia shambani na mbwa na mtoto mmoja. Mtoto atakayesikilizwa na mbwa, huyo ndiye nitakayekwenda naye."

Niseme kwa nini maneno hayo yalinikosesha usingizi. Pale shambani palikuwa na dungu, kichanja kirefu cha miti chenye paa la nyasi ambacho mlinzi hukaa juu yake na kuona shamba zima. Kaka yangu mkubwa, kabla hajaenda zake Mtwara kutafuta maisha, aliwahi kukaa msimu mzima juu ya dungu lile pamoja na Baba. Alinihakikishia kwamba Baba akipanda zile ngazi anakuwa mtu mwingine. Anachoma mahindi, anaimba, anasimulia alivyokuwa mtoto. Mimi sikuwahi kumsikia Baba akiimba. Nilimtaka huyo Baba wa juu ya dungu kuliko nilivyotaka nguo ya Idi.

Nilianza kazi kesho yake. Nilitia ukoko wa ugali katika kopo, nikashika fimbo ya mpera, nikasimama katikati ya uwanja na kuita, "Mgambo, njoo!" Mtoto yule wa mbwa alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko wengi niliosoma nao. Alikuja mbio, masikio yakipepea, ulimi nje, pua inang'aa. Nami nilipoiona ile pua inanijia niliruka nyuma, nikainua fimbo na kupiga kelele, "Toka! Usiniguse!" Akasimama. Nikamrushia ukoko kule mbali, akaula. Nikamwita tena, akaja tena, nikamfukuza tena.

Msinicheke. Nilikuwa na hijabu moja tu ya kwendea chuoni, kisima kilikuwa mbali, na maji saba kwa mtoto ni ndoo nzima ya kubeba kichwani. Kila alipokaribia niliiona hiyo ndoo. Baada ya wiki chache Mgambo alikuwa amejifunza, tena vizuri mno. Ukimwita alikuja kwa kasi, na alipobakiza hatua kama kumi hivi alisimama mwenyewe bila kuonyeshwa fimbo, akakaa kitako na kutikisa mkia, akingoja ukoko wake urushwe. Niliona nimefuzu. Nikamwita Baba aje aone.

Baba alitazama, akakuna kidevu. "Mbona haji mpaka mkononi?"

"Ana adabu, Baba," nilijibu.

Baba alinyamaza, nami kunyamaza kule nikakuchukulia kuwa sifa. Kama mambo yangeishia hapo, ningekwenda dunguni kwa amani na leo nisingekuwa na la kusimulia.

Mwezi wa pili akaletwa Tatu. Mama yake, dada yake Baba, aliolewa Nyangamara, na wakati huo alikuwa na mimba iliyomlaza kitandani. Ikaamuliwa Tatu aje kukaa na kusoma kwetu mpaka mama yake ajifungue. Alinizidi miezi michache tu. Alikuwa mwembamba, ana mwanya, na vitu vyake vyote vilienea katika mfuko mmoja wa plastiki. Alimwamkia Baba, "Shikamoo, mjomba," akamgeukia Mama, "Shikamoo, mkazamjomba," na kabla hajautua mfuko akamwona Mgambo.

Hakumwita kwa jina, maana jina lenyewe alikuwa hajaambiwa. Alichuchumaa chini, akampa mgongo, akagonga ulimi mara mbili. Basi. Mbwa yule niliyemhangaikia miezi miwili alinyanyuka, akakimbia, akazipita zile hatua kumi kana kwamba hazijawahi kuwapo, akaingiza pua yake kwapani mwa yule msichana. Tatu akageuka akamkumbatia. Mgambo akamlamba shingo, kidevu, masikio, na Tatu anacheka tu.

"Tatu! Mwanangu, umekwisha!" Mama alipiga kelele.

"Nitanawa, mkazamjomba," alisema Tatu, bila wasiwasi wowote.

Akaenda nyuma ya jiko. Akaomba ndoo na kopo, akachota udongo kwa viganja, akauvuruga katika maji, akajipaka na kunawa, akihesabu kwa sauti ya darasani. Moja. Mbili. Mama alimsimamia akitafuta kosa, asilione. Alipomaliza ya saba, Tatu akajifuta kwa kanga na kueleza kwamba babu yake mzaa baba alikuwa mwindaji mwenye mbwa wanne, na alishawaambia wajukuu zake wote kwamba dini haikukataza kumpenda mbwa, imetaka unawe. Aliyasema hayo kama mtu anayekwambia mboga inataka chumvi.

Nilimchukia papo hapo. Sitafuti neno laini. Nilikuwa na wivu wa kulala nao na kuamka nao. Na kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakufanya ujanja wowote. Alikwenda kisimani mara mbili kwa siku, mara moja kwa ajili ya nyumba, mara moja kwa ajili ya ndoo yake ya udongo aliyoiweka nyuma ya jiko. Mimi nilikwenda mara moja. Siri yake yote ilikuwa hiyo ndoo ya pili, na mimi nilikuwa naiona kila siku kwa macho yangu.

Wakati wa kula Baba alianza kumwuliza habari za mbwa wa babu yake. Tatu alisimulia jinsi mmoja wao alivyoogopa kuku mpaka ikabidi afungiwe ndani kuku wakilishwa. Baba akacheka. Nawaambieni, Baba alicheka mpaka akalirudisha tonge kwenye sahani. Nilihesabu wiki ile, alicheka mara nne. Mimi katika miaka yangu kumi sikumbuki kumchekesha hata mara moja. Kisha akaanza kumwita Tatu "fundi". "Fundi, hebu nipitishie maji." Maji yenyewe yalikuwa karibu yangu.

Nilianza na vituko vidogo. Niliimwaga ndoo yake nikasingizia mbuzi. Nilimfungia Mgambo bandani Tatu akirudi shule. Tatu alikwenda kisimani upya, akafungua banda, wala hakuuliza. Nikaona nahitaji dawa kali zaidi.

Pale chuoni tulisoma na msichana mmoja, Mwanaidi, aliyekuwa hawezi kukaa na neno tumboni hata kwa muda wa kuvuka barabara. Nilimvuta pembeni. "Msikae karibu na Tatu," nikamnong'oneza. "Analambwa na mbwa mpaka mdomoni. Hata juzuu yake ina mate." Nilijua ni uongo. Nilijua alivyokuwa akinawa, maana nilikuwa nachungulia na kuhesabu pamoja naye nikiomba akosee.

Tatu alipofika na juzuu yake kifuani, mkeka mzima ulijisogeza. Akakaa, na pande zote mbili pakawa wazi kiasi cha mkono mmoja. Maalimu akauliza kuna nini, na mtu mmoja akasema. Tatu akasimama akaeleza vile anavyonawa, hatua kwa hatua, sauti haimtetemeki. Maalimu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Amesema sawasawa," akatuambia. "Nyinyi wenyewe nani kati yenu angejua kulieleza hivyo? Rudini mahali penu."

Tukajifanya tunarudi. Lakini Maalimu alipogeuka watoto wakasogea tena, na njiani wakaziba pua, na kesho yake hivyohivyo, na kesho kutwa. Mimi nilikuwa katikati yao. Mara moja Tatu aliniangalia kupitia vichwa vyote vile, akanitazama mimi tu, kisha akafungua juzuu yake akaanza kusoma.

Nyumbani hakusema. Nilingoja siku nzima nikiwa na majibu tayari, hakusema. Ila tangu siku ile aliacha kumgusa Mgambo. Mbwa alikuja kama kawaida, akalaza kidevu mchangani mbele ya miguu yake, na Tatu akaikalia mikono yake miwili, akaangalia pembeni. Ndoo yake nyuma ya jiko ilikauka, udongo wa ndani ukapasuka vipande vipande. Mgambo alikosa pa kwenda. Alijilaza katikati yetu, mara amtazame yeye, mara anitazame mimi, haendi mpaka mwisho kwa yeyote. Nami, Mungu anisamehe, niliridhika. Niliona sasa tuko sawa.

Siku ya mwisho ya kufunga shule Baba alitupeleka shambani sote watatu, sisi wawili na mbwa. Mahindi yalikuwa yamesimama, ndevu zake zimeanza kukauka. Hakutamka kwamba anatujaribu, lakini mimi nilijua ndiyo siku ya kuamua, na nadhani Tatu naye alijua.

Nyani hawaogopi wanawake. Hilo mwulize mkulima yeyote wa kwetu. Wakiona kanga wanajua hapa hakuna mtu wa kuwafanya lolote, wanaendelea kuvunja mahindi huku wanakutazama. Kwa hiyo Baba alikuwa na koti lake kuukuu la kaki ambalo aliyebaki dunguni alilivaa ili kutoka mbali aonekane mwanamume. Alipotaka kwenda kukata miti ya kukarabati ngazi alilivua, akatuangalia mmoja mmoja, akanivisha mimi. Lilinifika kwenye vifundo vya miguu. Tatu akapewa debe tupu na kijiti cha kuligonga. Nilijinyoosha ndani ya koti lile nikaona hesabu imeshalala upande wangu.

Hatukukaa sana juu ya dungu. Kule ukingoni mwa shamba mahindi yalianza kutikisika wakati upepo hakuna. Mgambo akawaona kabla yetu. Alitoka akibweka, na nyani wadogo wakatawanyika, wakaingia msituni. Mbwa akawafuata. Tulimwona mkia wake juu ya majani, halafu hatukumwona. Kubweka kwake kukabadilika ghafla kukawa kwembamba, na dume moja kubwa, mabega kama gunia, likatoka vichakani taratibu, halina haraka.

Nilishuka ngazi nikijikwaa kwenye koti. Nikasimama chini ya dungu, nikaita kwa nguvu zangu zote, "Mgambo! Mgambo, njoo!"

Akaja. Nawaapia, alikuja vizuri kuliko siku zote. Alichomoka msituni, akapita katikati ya mistari ya mahindi, masikio nyuma, na lile dume likawa linamfuata kwa mbali. Moyo wangu ukapanda kwa furaha, maana niliona Baba atasikia nimemwita mimi na amekuja kwangu. Akafika pale mahindi yalipoishia, penye uwazi. Akasimama. Akakaa kitako, akatikisa mkia, akaniangalia mkononi.

Zilikuwa hatua kumi.

"Njoo! Njoo hapa!" nikapiga kelele. Nikapiga mguu chini. Kwa Mgambo, mimi kupiga mguu chini maana yake ilikuwa usisogee, kwa hiyo akarudi nyuma kidogo, kwa adabu ileile niliyomsifia kwa Baba. Alikuwa ananingoja nirushe ukoko. Na lile dume lilipoona chini ya koti kuna mtoto wa kike anayelia, likaongeza mwendo.

Juu yangu Tatu alikuwa ameacha kugonga debe. Nikasikia sauti yake, ndogo kabisa.

"Somoe. Nimwite?"

Yule Tatu ambaye siku ya kwanza hakumwomba mtu ruhusa, hata Mama mwenyewe, sasa alikuwa ananiomba mimi. Na mimi sikumjibu upesi. Hapa ndipo panaponiuma mpaka leo. Ilikuwa pumzi moja tu, labda mbili, lakini katika pumzi hiyo nilimwona mbwa, nikaliona dume, na nikawaza: akimwita akaja, yeye ndiye atakayekwenda na Baba.

Niliposema "Mwite!" ulimi wa Tatu uligonga na Mgambo akanyanyuka mara moja, lakini alikuwa amechelewa. Lile dume likamdaka kwenye sikio na bega. Sauti aliyoitoa sitaisimulia.

Sijui nilikimbiaje na lile koti. Najua Tatu aliruka kutoka juu bila kutumia ngazi, analigonga debe kama mwendawazimu, na mimi nilikuwa narusha madongo, mawe, viatu vyangu. Dume likamwachia, likatuonyesha meno, likaondoka taratibu kama lilivyokuja. Nikaanguka magotini nikamkumbatia Mgambo. Sikio moja lilibaki nusu. Damu na mate vilikuwa vimechanganyika kwenye koti la Baba, mikononi mwangu, shavuni. Yeye, mjinga yule, akanilamba. Alinilamba kidevu chote. Ulimi wake ulikuwa wa moto, na nikatambua kwamba tangu afike kwetu sikuwa nimewahi kujua joto lake.

Baba alitufikia akitweta, panga mkononi. Alimkagua mbwa, akafunga bega kwa kipande cha kilemba chake. Ndipo akauliza, "Nani alimwita akatoka kule msituni?"

Nikaendelea kumfuta Mgambo damu.

"Somoe, mjomba," alisema Tatu. "Alimwita akaja mbio. Asingemwita angefia kulekule."

Hakusema uongo. Ila hakusema yote, na yote alikuwa anayajua. Baba akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito unaonuka miti mibichi, akasema, "Vizuri, mwanangu." Sifa niliyoingoja miaka kumi niliipata hivyo, nami nikainama nikanyamaza nayo.

Tuliporudi nyumbani, Tatu aliishika ile ndoo yake iliyokauka, akavunja udongo kwa kijiti, akautia maji. Nikanyoosha mkono kuchukua kopo, hakunipa. Akanimiminia yeye. "Moja," akasema, akanipaka udongo ule baridi kutoka viganjani mpaka kwenye kidevu, polepole, anapapita vizuri penye mikwaruzo. "Mbili." Harufu yake ndiyo hiyo iliyonifuata juzi kibarazani. Tulipofika saba aliitikisa ndoo kuona kama kuna kilichobaki, akasema, "Umeona? Hata si mengi." Koti la Baba pia alilifua yeye, mara saba, Mama akisimama kando na safari hii hatafuti kosa.

Likizo ile nilikwenda dunguni mimi. Ndiyo, nilikwenda. Ningeweza kusema ukweli siku yoyote, sikusema. Baba aliimba kweli, alichoma mahindi, alisimulia alivyokuwa mtoto, na karibu kila hadithi ilikuwa na dada yake ndani, mama yake Tatu, waliyelala naye mkeka mmoja na kuchunga naye mbuzi. Nilikula mahindi yale matamu. Tatu alikuwa nyumbani akimchotea Mama maji.

Mgambo alipona, akabaki na sikio lake la nusu. Lakini kwangu hakubadilika. Nilimwita kwa upole, nilimwita kwa nyama, nilikaa chini nikampa mgongo na kugonga ulimi kama Tatu, na yeye alikuja mbio kisha akasimama palepale. Alikuwa amejifunza akiwa mdogo, na nilimfundisha mimi. Basi nikaacha kumlaumu. Kila nilipomwita nilishuka ngazi nikazitembea zile hatua kumi mwenyewe, nikamkuta anatikisa mkia, nikamshika, nikaenda kunawa. Nilifanya hivyo mpaka akazeeka na kufa bandani kwake kwenye kuni.

Shangazi alijifungua salama, mtoto wa kiume, na mwisho wa likizo Tatu akaitwa kwao. Tulimsindikiza mpaka barabarani, mfuko wake uleule wa plastiki. Mgambo alimfuata unyounyo mpaka mwisho, na Tatu alimkumbatia mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja gari, bila kujali nani anaziba pua. Alipokwisha kwenda mbele kidogo kulipungia gari mkono, nikaona nisipomwomba radhi sasa sitamwomba tena. Nikaita, "Tatu!"

Akageuka. Akaja mbio mbio, mwanya wake nje, vumbi miguuni. Kisha akasimama. Akatabasamu kwa adabu na kuniangalia usoni, anangoja aone nitasema nini.

"Abee," akaitika.

Nilikuwa na miaka kumi. Niliona tu kwamba amesimama mbali kidogo, na nikashangaa kwa nini haji. Nikasema, "Safari njema." Akasema, "Ahsante, Somoe," akapanda gari.

Tangu hapo tumekutana mara nyingi, harusini na misibani, na hatujawahi kugombana hata siku moja. Tunaulizana hali za watoto. Akiniona husimama kwanza, hutabasamu, hungoja. Miaka mingi nilisema moyoni kwamba Tatu ni mtu mzuri ila ana ubaridi kidogo, watu wa Nyangamara ndivyo walivyo. Ni juzi tu, na mchicha mapajani, nilipozihesabu zile hatua kwa kichwa nikajua ubaridi ule ulitoka wapi. Mbwa nilimwendea miaka yote ile. Mtu sikumwendea.

Jumamosi binti yake anaolewa, nami nimealikwa. Nitashuka njia panda ya Nyangamara. Najua atakuja kunipokea, najua atasimama wapi. Hatua zitakazobaki ni zangu.